Mume Ana Fatwa Yake, Mke Ana Yake: Tunapoiuliza Simu Mambo ya Dini

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao.



Hivi karibuni walitujia mume na mke baada ya sala ya Alasiri, kila mmoja ameshika simu yake. Tunalieleza jambo lao kwa idhini yao, na baadhi ya mambo tumeyabadilisha ili kuwasitiri. Walikuwa wamegombana, mume akiwa kazini na mke nyumbani. Katika hasira mume alimtumia mkewe ujumbe wa simu: "Rudi kwenu, mimi na wewe basi." Mke akafunga nguo zake, akaenda kwa wazee wake.

Usiku ule mume aliiuliza programu ya akili mnemba iliyomo katika simu yake. Aliandika kuwa ametuma maneno hayo kwa hasira, hakukusudia talaka, je, talaka imepita? Akajibiwa kuwa haikupita, na dalili akapewa. Mke naye, huko kwao, aliiuliza programu ile ile. Aliandika kuwa mumewe amemwacha kwa ujumbe wa simu, na kwamba huko nyuma amewahi kutamkiwa mara mbili, je, hii si ya tatu? Akajibiwa kuwa ndiyo, ameachika talaka tatu na hawezi kumrudia. Naye pia akapewa dalili.

Wakakaa hivyo karibu miezi miwili. Mume anasema mke wake ni nashiza, ametoka nyumbani bila ya ruhusa, na matumizi akayakata. Mke anasema akirudi ataingia katika haramu. Watoto wanapelekwa huku na huku. Na siku zile, ikiwa kweli talaka moja ilipita, eda ilikuwa inakwenda bila ya mtu kuihesabu. Kila mmoja alikuwa na fatwa yake mkononi, na zote mbili zimetoka mahali pamoja.

Tumeona tuliandikie jambo hili kwa sababu hawa si wa mwanzo kutujia kwa sura hii, na hatudhani kuwa watakuwa wa mwisho.

Mashine inajifunza kutoka kwetu

Wengi wetu tunadhani kuwa programu hizi ni mfano wa maktaba kubwa: unauliza, inakwenda kwenye kitabu, inakuletea jibu. Sivyo zinavyofanya kazi. Kwanza hulishwa maandishi mengi mno, ya vitabu, magazeti na mitandao, zikajifunza kukisia neno gani hufuata neno gani. Baada ya hapo watu huajiriwa kusoma majibu yake. Huwekewa majibu mawili au zaidi ya suala moja, wakachagua lililo bora, na programu ikasukumwa kuelekea majibu ya namna hiyo. Wengine huajiriwa kusoma maandishi machafu na kuyawekea alama ili programu ijifunze kuyaepuka. Mwezi Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza jinsi vijana wa Nairobi, jirani zetu, walivyofanya kazi hiyo kwa ajili ya ChatGPT kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa, na baadhi yao wakaumia nafsi kwa yale waliyokuwa wakiyasoma.

Kwa hiyo ndani ya mashine mna watu. Mna waliochagua, na tumo sisi tunaoitumia, kwani kila tunapobonyeza alama ya kidole gumba kusema jibu hili zuri au hili baya, huwa tunaifundisha.

Sasa binadamu hupenda jibu gani? Allah (S.W.) ametutahadharisha katika Qur'ani na mtu anayeyafanya matamanio yake kuwa ndiye mungu wake. Nafsi inapenda kuambiwa kuwa imepatia. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Anthropic, ambayo nayo hutengeneza programu hizi, walichapisha uchunguzi ulioonesha kuwa programu za aina hii zina tabia ya kujipendekeza kwa anayeuliza, na kwamba watu wanaochagua majibu mara nyengine hupendelea jibu la kuwafurahisha kuliko lililo sahihi.

Mwezi Aprili 2025 jambo hili lilionekana hadharani. Kampuni ya OpenAI ilitoa toleo jipya la ChatGPT, na baada ya siku chache ikalazimika kulirudisha nyuma, kwa sababu watumiaji walilalamika kuwa imekuwa ya kusifu kupita kiasi na kukubaliana na kila fikra, hata zenye madhara. Kampuni yenyewe ilieleza kuwa miongoni mwa sababu ni kuzitegemea zaidi alama za kidole gumba za watumiaji. Yaani watu waliitaka mashine iwakubalie, mashine ikajifunza kuwakubalia.

Turudi kwa mume na mke wetu. Mume aliandika "sikukusudia", na mashine ikaanzia hapo. Mke aliandika "ameniacha", na mashine ikaanzia hapo. Hatusemi kuwa programu ilikusudia kuwagombanisha, kwani haina kusudio. Iliwarudishia kila mmoja swali lake likiwa limevishwa kanzu na kilemba.

Na sisi inatufunza nini?

Upande wa pili wa jambo hili unatuhusu sisi wenyewe. Chombo tukikitumia sana, nacho hutujenga tabia.

Tabia ya kwanza ni ya kuuliza huku jibu tumeshalijua. Anayekwenda kwa mwanachuoni hueleza lililotokea, kisha akasubiri. Anayeuliza simu, akijibiwa asilolitaka, hubadilisha maneno kidogo na kuuliza tena, mpaka aridhike. Tuliwauliza wale wawili: mliuliza mara ngapi? Mume akatuambia mara nne. Tukamuuliza, na jibu la mwanzo lilisema nini? Akainamisha kichwa.

Wanavyuoni wetu walilikemea jambo la kuzunguka kwa mamufti kutafuta rukhsa iliyo nyepesi. Zamani jambo hilo lilihitaji nauli na miguu, tena mtu akiona haya akiulizwa, "Mbona ulikwenda kwa fulani?" Leo halina nauli wala haya.

Tabia ya pili ni kutoshuku. Jibu la mashine huja kwa Kiswahili kilichonyooka, lina aya, lina hadithi, lina jina la kitabu na juzuu. Lakini chombo kilichofunzwa kukisia maneno hukisia na dalili pia. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na kampuni yao, kwa kuwa walipeleka mahakamani kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Zilitungwa na ChatGPT, zina majina ya majaji na tarehe. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu yenyewe kama kesi zile ni za kweli, ikamjibu kuwa ni za kweli.

Ikiwa wakili aliyesoma alidanganyika katika fani yake, nani atatuhakikishia hadithi inayotumwa katika kundi la familia usiku wa Ijumaa? Kumzulia Mtume (S.A.W.) si jambo dogo, na makemeo yake ni ya moto. Umma huu ulihifadhiwa na isnadi: nani kasema, kapokea kwa nani, na huyo alikuwa mtu wa namna gani. Ibn Sirin (Allah amrehemu) aliwafunza watu kuwa elimu hii ndiyo dini, basi watazame wanamchukulia nani. Maneno ya mashine hayana isnadi.

Na khatari inaongezeka tunapoyasambaza majibu hayo. Mwezi Julai 2024 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioonesha kuwa programu zikifunzwa kwa maandishi yaliyoandikwa na programu nyengine, kizazi baada ya kizazi, huharibika na kupoteza ukweli. Hadithi ya kutungwa tunayoiweka leo mtandaoni itakuwa chakula cha mashine ya kesho, na mashine ya kesho itawalisha watoto wetu. Kiswahili chetu ndicho kilicho katika khatari zaidi, kwa sababu maandishi ya dini yaliyomo mtandaoni kwa lugha yetu ni machache ukilinganisha na ya Kiarabu na Kiingereza. Katika kisima kidogo, ndoo moja ya maji machafu huonekana.

Mufti hufanya nini ambacho simu haifanyi?

Anasimulia Jabir (R.A.) kuwa walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe kichwani, kisha akaota na ikamlazimu josho. Akawauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamuonei rukhsa, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alikasirika sana, akawalaumu kuwa wamemuua, na akafundisha kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Hadithi hii imo katika Sunan ya Abu Dawud. Tazameni: kauli ya kuwa mwenye maji haruhusiwi kutayamamu ina asili yake. Hukumu waliijua, mtu aliyekuwa mbele yao hawakumtazama.

Na imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) kuwa alijiwa na mtu akimuuliza: aliyemuua muumini ana toba? Akamjibu hana. Alipoondoka, wanafunzi wake wakastaajabu, kwani walizoea kumsikia akisema kuwa toba yake inakubaliwa. Akawaambia kuwa amemuona yule mtu ana ghadhabu na anataka kwenda kuua. Wakamfuatilia, wakakuta ni hivyo. Swali lilikuwa fupi, lakini Ibn Abbas alisoma uso.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i (Allah amrehemu), ambayo watu wengi wa visiwa hivi tumelelewa nayo, kuna lafudhi za talaka zilizo wazi, na kuna kinaya, yaani maneno yanayobeba maana ya talaka na maana nyengine. Kinaya hakipitishi talaka ila kwa nia. Na talaka ya kuandika, ikiwa mtu hakuitamka, nayo huhesabiwa katika kinaya. Kwa hiyo katika jambo la wale wawili kila kitu kilisimama juu ya nia ya mume katika dakika aliyotuma ujumbe ule, na nia haikuwemo ndani ya simu ya mke wala ya mume.

Halafu kuna neno lenyewe. "Rudi kwenu" katika nyumba zetu lina uzito wa kila namna. Kuna mume anayelisema kila wiki, na mke akacheka. Kuna anayelisema mara moja katika maisha yake, na wote wakajua kuwa yamekwisha. Anayeujua mji ataulizia hayo.

Tuliwakalisha pamoja, na mzee mmoja wa kila upande. Tukauliza kuhusu zile mara mbili za nyuma: yalitamkwa maneno gani hasa, lini, nani alisikia, na baada yake mlirejeana vipi. Ikadhihiri kuwa moja katika hizo mke alikuwa amesimuliwa na wifi yake, hakuisikia kwa masikio yake. Kisha tukamgeukia mume, tukamuuliza swali moja: ulipobonyeza kutuma, ulitaka mkeo afahamu nini? Alinyamaza kitambo kirefu. Katika mara zote nne alizoiuliza simu, swali hilo hakuulizwa.

Alichokijibu na yaliyofuata tunayaacha kwao. Jambo lao tulilipeleka kwa kadhi, kwani ndiko linakostahiki.

Lawama nyengine ni yetu

Itakuwa si uadilifu tukiwalaumu vijana na simu zao, sisi wenye darsa tukajivua. Tulimuuliza yule mwanamke kwa nini hakuja mapema. Akasema, kwa adabu zake zote, kuwa aliwahi kwenda kuuliza suala la hedhi akiwa msichana, akafokewa mbele za watu. "Simu haifoki, sheikh," alituambia.

Tuliondoka na maneno hayo. Ikiwa mtu anaona usalama zaidi kwa mashine kuliko kwa mwanachuoni, basi milango yetu ina kasoro. Mashine imejifunza ulaini kwa sababu watu waliupenda, na sisi tuna Mtume (S.A.W.) ambaye Allah (S.W.) alimsifu kwa ulaini wake, na akambainishia kuwa lau angekuwa mkali wa moyo watu wangemkimbia. Tofauti ni kuwa ulaini wake haukuficha haki.

Na tusidhani kuwa vyombo hivi havibadiliki. Mwaka 2018 nchini India watu waliuawa na makundi ya raia kwa sababu ya uvumi wa watekaji watoto uliosambazwa kwa WhatsApp. Kwa shinikizo la watu na serikali, kampuni ikapunguza idadi ya mahali ambapo ujumbe unaweza kusambazwa kwa mara moja, kwanza huko India na Januari 2019 dunia nzima, ikawa 5. Aprili 2020 ujumbe uliokwishasambazwa mara nyingi ukawekewa kikomo cha mahali pamoja tu, na kampuni ikasema usambazaji wa jumbe za namna hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Watu walikiharibu chombo, na watu wakakitengeneza.

Wanavyuoni nao hawakulala. Mwaka 2019 idara ya mambo ya Kiislamu ya Dubai ilianzisha huduma ya fatwa kwa akili mnemba, ikaanzia na masuala ya sala. Agosti 2025 wanavyuoni walikutana Cairo katika mkutano wa kimataifa uliohusu kumuandaa mufti katika zama hizi za akili mnemba. Hapa kwetu tuna Ofisi ya Mufti, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2001, na tuna mahakama za kadhi Unguja na Pemba. Tunapendekeza wahusika walitazame jambo hili mapema, hasa kuwepo majibu ya Kiswahili yaliyopitiwa na wanavyuoni, ili anayetafuta mtandaoni akute kilicho safi.

Je, ni haramu kuiuliza?

Tumeulizwa hivyo mara kadhaa. Tunavyoona sisi, chombo chenyewe hakina uharamu, na hukumu yake inafuata matumizi. Mwanafunzi anayetaka kujua aya fulani imo katika sura gani, au maana ya neno la Kiarabu, kisha akafungua msahafu au kamusi kuhakikisha, hana makosa. Lakini kuifanya ndiyo mufti wa talaka, eda, mirathi, ridhaa ya kunyonya, nadhiri na haki za watu, kisha mtu akatenda kwa jibu hilo, hilo halifai. Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratun-Nahl kuwauliza wenye elimu pale tusipojua, na mashine haina elimu ya kuulizwa Siku ya Kiyama.

Nasaha zetu kwa familia ni hizi:

1. Neno lolote linalofanana na talaka likitoka, kwa ulimi au kwa ujumbe, msilale nalo. Andikeni tarehe, yahifadhini maneno kama yalivyo, na mwende wote wawili kwa mwanachuoni au kwa kadhi. Siku za eda hazisubiri.

2. Suala linalogusa watu wawili lisiulizwe na mmoja. Hata kwa sheikh, fatwa ya upande mmoja ina upungufu.

3. Hadithi yoyote iliyotoka katika programu isisambazwe mpaka aliyesoma ahakikishe kitabu na daraja yake. Suratul-Hujurat imetufunza kuzichunguza habari kabla ya kuzitendea kazi.

4. Wafundisheni watoto wenu namna ya kuuliza: waeleze lililotokea lote, hata linalowaumiza wao wenyewe. Wakizoea hivyo nyumbani, hawatadanganyika kwa urahisi.

5. Tunawaomba maimamu wa misikiti yetu watenge wakati maalumu wa masuala, ujulikane na kila mtu, na wapatikane masheikha wa kike kwa ajili ya mama zetu na binti zetu. Sisi katika msikiti wetu tumeanza: baina ya Magharibi na Isha, Jumatatu na Alkhamisi.

Imam Malik (Allah amrehemu) aliulizwa masuala mengi na mtu aliyetoka mbali, na mengi katika hayo akajibu, "Sijui." Hakuona haya kumrudisha mtu wa safari ndefu na jibu hilo. Ukipata katika mtaa wako mtu anayeweza kukwambia "sijui, tumuulize fulani", huyo mshike.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuoneshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, atuoneshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka, na azitengeneze nyumba zetu. Amin.

Wallahu a'lam.